Mawe ya Chini ya Kitanda

Mwezi uliopita walibomoa nyumba ya Bi Mwanaidi pale Majengo, Mbeya. Mjukuu wake alinipigia simu asubuhi, akaniambia, "Bibi, kama unataka kuiona kwa mara ya mwisho, njoo leo. Kesho mafundi wanaanza na paa." Nikaenda na mkongojo wangu, nikapita ukumbini taratibu, nikasukuma mlango wa chumba tulichokuwa tumepanga mimi na marehemu mume wangu, Ambakisye. Sikuamini udogo wake. Kilitosha kitanda, meza, na nafasi ya mtu kugeuka; basi. Mle tuliishi, tukapika siku za mvua, tukagombana kwa sauti za chini, na mle ndimo nilimopoteza mimba yangu ya kwanza. Kuta bado zilikuwa zimeishia pale pale, chini kidogo ya paa, bila dari, kwa hiyo zamani zile ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anakupa pole. Nilisimama nikitazama sakafu mahali kitanda kilipokuwa, mpaka yule kijana akaniuliza, "Bibi, kuna kitu unatafuta?" Nikamwambia hapana. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba pale chini, mwaka mmoja katikati ya miaka ya hamsini, palikaa mawe yaliyokaribia kuivunja ndoa yangu?

Nilikuwa bibi harusi mpya kutoka Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, Mhehe niliyejua Kiswahili cha shule ya misheni, nimeolewa na Mnyakyusa niliyekutana naye alipofika Iringa na lori la kazi. Mbeya ilinipokea kwa ukungu. Asubuhi mlima Loleza ulikuwa hauonekani kabisa, na maji ya kwenye ndoo yaliuma mikono kama yametoka kwenye barafu. Bi Mwanaidi, mwenye nyumba wetu, alikuwa mjane Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Alikaanga vitumbua barazani tangu alfajiri, na harufu yake ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Alinifundisha kuwasha jiko la mkaa bila kuujaza ukumbi moshi, na alinisahihishia Kiswahili changu bila kunicheka. Kitu ambacho hakuweza kunisaidia ni kuwaeleza watu kazi ya mume wangu. Wanawake bombani wakiniuliza, "Mumeo anafanya nini?" nilijibu, "Anasikiliza mawe," nao wakatazamana.

Lakini ndiyo ilikuwa kazi yake. Ambakisye alimfuata Mzungu mmoja mpima miamba, mtu mwembamba mwenye nyundo kiunoni, ambaye vibarua wote walimwita Bwana Nyundo. Walikuwa wamepiga kambi kwenye vilima vya upande wa Songwe, wakitafuta urani, madini ambayo baada ya vita Wazungu waliyataka kuliko dhahabu. Ambakisye ndiye aliyebeba mashine: sanduku la chuma lenye mkanda wa begani, waya mmoja ukienda kwenye vifuniko viwili vya masikio, mwingine ukienda kwenye mrija mnene kama pampu ya baiskeli. Mrija ukisogezwa karibu na jiwe lenye urani, masikioni panalia. Jioni alirudi nyumbani vumbi mpaka kwenye kope, na mara nyingi mfukoni alikuwa na jiwe. Bwana Nyundo akishachukua ya kutosha, mengine huyaacha, na Ambakisye aliona uchungu kuyaacha. Aliyapanga kwenye sanduku la chai, akalisukuma chini ya kitanda. Baada ya kula alilivuta, akanipa moja moja. "Hebu shika hili, Agnesi. Umeona lilivyo zito? Dogo hivi, lakini zito." Mengine yalikuwa meusi yenye kumeta, moja lilikuwa na rangi ya ini. Niliyapenda. Nilipenda zaidi uso wake alipokuwa akiyatazama, na mpaka leo nikiona mtu anaipenda kazi yake namna ile, namheshimu kabla sijamjua jina.

Mimba yangu ilikuwa imeshaanza kuonekana baridi kali ilipoingia. Siku ilipoharibika, Ambakisye alikuwa kambini. Bi Mwanaidi aliacha vitumbua vikiungua, akafunga mlango wa chumba, akafanya yote yaliyotakiwa kufanywa, kisha akanikalisha nimeegemea kifua chake kama mtoto. "Lia, mwanangu," akasema. "Usijikaze. Hapa hakuna wa kukutazama." Alininywesha uji wenye pilipili manga siku zote nilizolala, na aliwanyamazisha wapangaji wengine wasipige kelele ukumbini. Ambakisye aliporudi alikaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyake vya kazi, akanishika mguu juu ya blanketi mpaka chai aliyoletewa ikapoa.

Habari ilifika Tukuyu, na mama mkwe wangu akaja. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye mwendo wa polepole, na aliingia na mkungu wa ndizi kichwani kana kwamba ni kitambaa tu. Mimi Kinyakyusa sikukijua, naye Kihehe hakukijua, kwa hiyo tukawa na Kiswahili peke yake, na chake kilikuwa kimekatwakatwa kuliko changu. Bi Mwanaidi alimpa chumba cha jirani kilichokuwa wazi. Siku za kwanza alinitunza vizuri sana. Alipika mbalaga, ndizi laini zilizoiva na maharage na maziwa, akaniwekea bakuli mikononi, akasimama mlangoni mpaka nimalize. "Kula. Damu inarudi kwa tumbo," alisema. Nilianza kufikiri kwamba huyu mama ataweza kunipenda. Halafu siku moja akaamua kufagia chumba chetu, ufagio ukagonga sanduku la chai.

Alilivuta, akakaa akilitazama. "Hii nini?"

"Ni mawe, mama. Ya kazini kwa Ambakisye."

"Mawe ile inalia kwa mashine?"

Nikasema ndiyo. Kumbe bombani alikuwa ameshasikia yake: kwamba mawe yale yana kitu ndani kinachokula watu, ndiyo maana Mzungu hayashiki ovyo, anampa Mwafrika abebe. Hakuniuliza kitu kingine. Alilibeba lile sanduku mwenyewe, zito vile, akalipeleka nyuma ya nyumba, mbali kuliko choo, kisha akaosha mikono kwa majivu.

Jioni ile nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jiko chumbani kwetu, nikigeuza maharage, na juu ya ukuta sauti za Ambakisye na mama yake chumba cha jirani zilinifikia kama tumekaa pamoja. Walizungumza Kinyakyusa, lakini mama mkwe alipokasirika alichanganya na Kiswahili, na nadhani kwa makusudi, ili nisikie. "Mke wako amelala juu ya mawe inaua mtoto, wewe unaita kazi!" Ambakisye akajibu kwa upole kitu nisichokielewa. "Basi chagua," mama akasema. "Uache kazi. Ama huyu binti arudi kwao Iringa, akae mpaka hiyo kazi inaisha. Mimi siwezi kuzika mjukuu kila mwaka." Nilingoja nisikie mume wangu atajibu nini. Bi Mwanaidi alipita ukumbini, akachungulia, akaniona nimeshika mwiko hewani. "Maharage yanashika chini, mwanangu," akaniambia kwa sauti ndogo, akaingia, akachukua mwiko, akageuza yeye.

Watu hudhani kilichoniumiza ni maneno ya mama mkwe. Hapana. Kilichoniumiza ni kwamba nami nilikuwa nimeanza kuyaamini. Usiku na mchana nilijiuliza swali moja, na hakuna aliyekuwa tayari kunijibu. Bi Mwanaidi alisema ni mipango ya Mungu. Ambakisye alisema mawe ni mawe tu, lakini hakunitazama aliposema hivyo. Basi nikamwambia mume wangu kwamba lori likienda kambini, nitapanda. Nataka kumuuliza mwenye mashine. Ambakisye alishtuka. Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni, alishtuka zaidi, kisha akajifunga kanga yake ya pili. "Kama unaenda, tunaenda wawili," akasema. "Mzungu akidanganya, mimi nitaona kwa macho yake."

Tulimkuta Bwana Nyundo ameketi chini ya turubai, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Alisimama kutusalimia, jambo ambalo sikulitegemea. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yote yakanitoka, nikauliza kama lilivyokuja: "Bwana, mawe yako yameua mtoto wangu?"

Aliweka kikombe chini. Alimtazama Ambakisye, ambaye alikuwa anatazama ardhi. "Mawe alikuwa wapi?" akauliza.

"Chini ya kitanda."

Kiswahili chake kilikuwa cha Wazungu wa mashambani, lakini siku ile alikitafuta neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Mimi hapana daktari," akasema. "Mimi nafikiri hapana, si mawe. Mawe kidogo kama hiyo, siku kidogo, nafikiri hapana. Lakini kuapa siwezi. Mke yangu amepoteza watoto kule kwetu, mara mbili, na nyumba yetu hapana jiwe hata moja. Hakuna mtu alituambia kwa nini." Kisha akamgeukia Ambakisye. "Lakini chini ya kitanda, hapana. Mimi ilifaa nikuambie. Sikukuambia. Kosa ni yangu."

Alinivalisha vile vifuniko vya masikio. Alisogeza mrija kwenye jiwe jeusi lililokuwa mezani, na kichwa changu kikajaa mlio, tiktiktiktik, kama mahindi yanapasuka kwenye kikaango. Nikaruka. Mama mkwe akanishika bega. Bwana Nyundo akanionyesha kwa mkono nimfuate, tukatembea mbali na turubai, mbali na mwamba, mpaka kwenye majani makavu ambapo palikuwa na udongo tu. Nilidhani sasa patakuwa kimya. Nikasikia, tik. Nikangoja. Tik, tik. Kimya. Tik.

"Hapa kuna jiwe?" nikamuuliza.

"Hapana. Udongo tu."

"Mbona panalia?"

"Kila pahali analia," akasema. "Hapa kidogo, pale sana. Udongo, mwamba, ukuta ya nyumba, mpaka juu mbinguni inatoka kidogo. Hata wewe, hata mimi, ndani ya mwili. Tangu mwanzo ya dunia. Pahali kimya kabisa mimi sijapata."

Tuliporudi chini ya turubai nilimweleza mama mkwe. Yeye alikataa kabisa kuvaa vile vifuniko. "Anakula kwa hiyo mashine, atasema nini?" alinong'ona. Akafikiri. Kisha akamwambia Bwana Nyundo, akimnyooshea kidole bila woga: "Unaenda lini Iringa? Peleka mashine kwao huyu. Kama kwao ni kimya, mimi namwacha huko kwa mama yake. Kama inalia, sawa, nitanyamaza." Bwana Nyundo alicheka, lakini si kwa dharau. Alisema lori litapeleka masanduku ya mawe Dodoma kupitia Iringa, na yeye mwenyewe alitaka kupima miamba ya kule. Kwa hiyo ikapangwa. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Mashine ikikaa kimya kwetu, nitampoteza mume. Ikilia, basi hata nyumba niliyozaliwa si salama.

Safari ile naikumbuka kwa mwili kuliko kwa akili. Tuliondoka na vitumbua vya Bi Mwanaidi kwenye kikapu, tukapita Uyole, na baada ya hapo vumbi la Usangu likatupaka wote rangi moja, Mhehe, Mnyakyusa na Mzungu. Makambako tulilala kwenye banda la mfanyabiashara mmoja, mimi na mama mkwe chini ya blanketi moja. Alinipa upande wa ukutani, akaninyooshea blanketi miguuni. Kulipokucha tulikunywa chai ya tangawizi tumesimama, pumzi zetu zikitoka kama moshi, na kuanzia pale nchi ikaanza kufanana na kwetu: mawe makubwa ya kijivu yaliyokaa juu ya vilima kama ng'ombe waliolala.

Mama yangu alitupokea kwa "Kamwene, kamwene" nyingi, salamu yetu Wahehe, akakimbilia kuku wa kutuchinjia. Nyumba yetu ilikuwa imeegemea mwamba mpana, ulio tambarare juu, ambao sisi sote watoto tuliuchezea na ambao mama aliutumia kuanikia ulezi. Bwana Nyundo alipouona alifurahi kama amekuta rafiki. Ambakisye akashusha mashine, akavaa vifuniko, akainama na mrija juu ya mwamba, kando ya ulezi. Nilimtazama usoni. Alifumba macho. Kisha akavivua vifuniko, akanipa mimi.

Mwamba wa kwetu ulikuwa unalia. Si kama lile jiwe jeusi, lakini ulilia kuliko udongo wa Songwe, mfululizo, kama manyunyu juu ya bati. Nilisikiliza mlio uliokuwepo wakati natambaa pale, wakati nalala pale juani baada ya kuoga mtoni. Mama yangu aliposikia tunafanya nini, alitoka jikoni na kisu mkononi. "Mwamba wangu una nini? Nimezaa watoto hapa, nyumba hii hii. Huyu mmoja mbele yenu. Una nini?" Nikamwambia hauna kitu, mama, unasema tu. Akaniangalia kama mjinga. "Kwani Gangilonga pale mjini si jiwe linalosema? Ndiyo habari mliyoitoa Mbeya?"

Hapo mama mkwe akanyoosha mkono. Akavaa vile vifuniko juu ya kitambaa chake cha kichwa, akapiga magoti kwenye mwamba kati ya ulezi, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu mpaka kuku wakaanza kula ulezi na hakuna aliyewafukuza. Alipovivua alimrudishia Bwana Nyundo kwa mikono miwili. "Ndaga," akasema, yaani asante, akaingia jikoni kwa mama yangu.

Bwana Nyundo na Ambakisye waliendelea na safari ya Dodoma, wakatuacha hapo tuwasubiri. Mchana ule nilikaa nje ya jiko nikipepeta ulezi uliosalia, nikawasikia wale mama wawili ndani. Mama yangu alikuwa amemkaribisha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, lakini mama mkwe alikuwa mtu wa kanisa, akaomba togwa. Kiswahili chao kilikuwa kibovu wote wawili, ndiyo maana nadhani walisema mambo ambayo kwa lugha zao wasingeyasema.

"Mkwe, wewe ulizika?" mama mkwe akauliza.

"Nilizika. Wawili. Mmoja alikuwa anatembea tayari."

"Mimi watatu, kabla ya Ambakisye. Wako chini ya migomba, huko Tukuyu. Watu walisema mimi mchawi. Wengine walisema mume wangu alikosea mizimu. Kila mtu alisema yake. Mimi mpaka leo sijui." Nikasikia kibuyu kikiwekwa chini. "Sasa niliona ile mawe. Nikasema, ndiyo hii! Hii naweza kutoa nje. Hii naweza kubeba kwa mikono yangu nitupe mbali."

Nikasikia mama yangu akimmiminia tena. "Kunywa, mkwe wangu," akasema. "Ulimbebea mwanangu mzigo. Nani angekulaumu?"

Niliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya baridi, nililia bila kujificha, na wale wawili walitoka, wakanikuta, wakakaa mmoja huku na mmoja huku.

Leo wajukuu wangu wanasoma mionzi shuleni, wananieleza kwa michoro yale niliyoelezwa na Mzungu kwenye majani makavu: kwamba miamba na udongo vina mionzi yake ya asili, kwamba mahali pengi ni kidogo na mwili unaistahimili, na penye mingi mtu haweki kitanda. Nawasikiliza kama nayasikia kwa mara ya kwanza. Kilichoua mimba yangu sikukijua na sitakijua. Nilijifunza kuishi na swali lile nikiwa kijana, na jambo hilo limenisaidia katika misiba mingine ambayo siiandiki hapa.

Lori liliporudi, hakuna aliyetaja tena habari ya mimi kubaki. Mama mkwe ndiye aliyenihimiza nipande mbele kwa dereva, kwa kuwa nyuma kuna vumbi. Ambakisye aliendelea na kazi yake mpaka kambi ilipofungwa, na wale Wazungu hawakuchimba chochote. Akahamia kazi ya barabara. Hakuleta tena jiwe nyumbani, na akirudi aliosha mikono na miguu nje kabla ya kuingia. Mama mkwe alirudi Tukuyu, akaja tena mvua za kwanza zilipoanza, na mkungu wake kichwani.

Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba wapangaji wasingeweza kusikia kitu juu ya kuta. Tulikuwa wawili chumbani, yeye akimenya ndizi, mimi nikipuliza mkaa. Nilikuwa sijamwambia Ambakisye, wala Bi Mwanaidi. Nikasema, "Mama, nina mwezi wa pili sasa." Kisu chake kilisimama. Hakugeuka. Nilidhani hakusikia, nikafungua kinywa kurudia.

"Una njaa?" akaniuliza.

"Ninayo, mama."

Akavuta mkungu karibu, akakata ndizi nyingine, akaongeza kwenye sufuria.